Sura Zilizobanwa

Kwa Rhoda Akers hakuna mtoto aliyeinuka kitini kabla hajasimulia. Ndivyo alivyofundisha. Anasoma sura moja kwa sauti, anafunga kitabu, anamkazia macho mmoja wao na kusema, "Haya, nirudishie." Nawe unairudisha hadithi kwa maneno yako mwenyewe, tangu mwanzo hadi mwisho. Ukivuruga, unaanza upya. Sisi akina mama wengine tuliowasomesha watoto nyumbani tulitumia vitabu vya maswali na majibu, na Rhoda alitucheka waziwazi. Alisema mtoto wa maswali hukumbuka alichoulizwa tu. Tulinuna, lakini tulijua anasema kweli, maana wanawe wawili walikuwa wakisimulia mpaka unasahau chungu jikoni.

Kila Alhamisi familia sita za huku kwetu kusini mwa Missouri tulikutana katika chumba cha chini cha kanisa. Mmoja alifundisha sayansi, mwingine Kilatini, na Rhoda alichukua fasihi ya watoto wa miaka kumi na moja hadi kumi na tatu. Kila kitabu alikisoma kwanza peke yake, penseli mkononi, na penye matusi akabandika ukanda wa karatasi nyeupe. Hilo sote tulilifanya, wala hatukuona ajabu.

Ajabu ilianza baada ya Februari. Mwezi huo Asa, mwanawe wa miaka tisa, alizama katika bwawa la nyuma ya nyumba, barafu ilipompasukia miguuni. Tulipeleka mabakuli ya tambi na jibini mpaka friji yao ikakataa kufungwa. Tulisali naye, tukalia naye, tukarudi kwetu. Na Rhoda akarudi darasani kabla ya mwezi kuisha, akiwa na boksi la vibanio vya karatasi. Kila sura ambamo mtu anakufa, hasa mtoto, aliibana kurasa zake zote pamoja. Akifika hapo anaruka, anaendelea mbele kana kwamba hakuna kitu. Watoto walitazamana. Nyumbani tulikuwa tumewaonya wafunge midomo.

Yote hayo aliyafanya kwa ajili ya Tirza, binti yake wa miaka kumi na miwili. Huyo ndiye aliyekuwa msimuliaji kuwashinda wote. Sasa akiambiwa nirudishie, anatazama meza. Si kwamba alikuwa bubu, la. Aliomba chumvi mezani, aliimba kanisani, alimkemea mbwa. Lakini hadithi hakusimulia hata moja tangu siku ya Asa. Rhoda alijaribu kwa upole, akajaribu kwa ukali, akajaribu kwa mkate wa mahindi na asali. Wapi! Moyo wake ulikuwa ukimuuma kila Alhamisi, akajikaza tu mbele za watu.

Mumewe Dwayne, mfanyakazi wa kiwanda cha chakula cha mifugo, si mtu wa maneno mengi. Alivumilia hadi kiangazi kikaisha. Ndipo asubuhi moja, kikombe cha kahawa mkononi, akasema kwamba ikifika Sikukuu ya Shukrani, mwezi wa Novemba, na mtoto bado yuko vile, atapanda basi la njano aende shule ya mjini, ambako kuna mshauri anayeyaelewa mambo hayo. Rhoda alimjia juu. Alimuuliza kama kumzika mmoja hakukutosha, mpaka amtoe wa pili awape wageni.

"Mke wangu," Dwayne akasema, "huyu naye anatutoka, na yuko humu humu ndani."

Basi ikabaki hivyo. Wiki moja kabla ya Shukrani tulikuwa kanisani kama kawaida, mimi nikipanga sahani jikoni, mlango wa darasa wazi. Kitabu kilikuwa cha familia inayohamia magharibi kwa magari ya ng'ombe. Rhoda alisoma sura ya tisa, akafika kwenye vibanio, akaruka hadi ya kumi na moja. Micah, mvulana wetu mwenye mdomo, hakuweza kujizuia.

"Bi Rhoda, mbona yule mtoto Eben hayumo tena? Ameshuka kununua peremende?"

Wenzake wakacheka chini chini. Rhoda akawa mwekundu hadi shingoni. Alikuwa anafungua kinywa amwadhibu, ndipo Tirza akaanza kusema, macho yakiwa mezani.

"Eben alishikwa na homa siku nne. Mama yake alimfunika blanketi la buluu. Ng'ombe walikuwa na kiu, ikabidi msafara usisimame. Walimzika njiani, wakapitisha magari juu ya kaburi ili mbwa mwitu wasimpate. Mama yake hakugeuka nyuma."

Rhoda alimuuliza taratibu ameyatoa wapi. Tirza alisema huvitoa vibanio, anasoma, anavirudisha. Vitabu vyote.

"Unawaruka wote, Mama. Na Asa umemruka." Akamtazama mama yake. "Nikurudishie ya kwetu?"

Rhoda akaitikia kwa kichwa.

"Siku ile, pale meza ya jikoni, Asa alisimulia vizuri, ukamruhusu atoke. Mimi nilivuruga, ukaniambia nianze upya. Nikiwa katikati nikamsikia anaita kule nje. Nikasimama. Ukasema, 'Kaa. Tangu mwanzo.' Nikakaa, Mama. Nikasimulia mpaka mwisho. Ukanisifu."

Sahani niliyoishika niliiweka chini. Kumbe miezi tisa mtoto alikuwa na mzigo huo! Na Rhoda, maskini, alikumbuka. Sauti ile aliisikia yeye pia. Alijua tangu Februari, na alikuwa akiibana pamoja na kurasa nyingine.

Alivuta kiti akakaa mbele ya bintiye, magoti yakigusana.

"Ngoja nikurudishie," akasema. "Mvulana aliita. Dada yake alisikia akasimama. Mama yake alisikia pia, akadhani anamwita mbwa. Dada alitaka kwenda. Mama akamkalisha, na dada..." Hapo sauti ikamkatika. Alifuta uso kwa kiganja, kisha, kwa sheria yake mwenyewe, akaanza upya. "Mvulana aliita." Safari hii alifika mwisho. "Dada hakukosa kitu. Mama ndiye aliyekosa."

Hakuna mtoto aliyeinuka. Tirza alilala kifuani kwa mama yake akalia kwa sauti, kwa mara ya kwanza tangu mazishi.

Sitasema mambo yalinyooka. Januari Tirza alipanda basi la njano, kwa ombi lake mwenyewe. Alisema hawezi kukaa tena kwenye meza ile ya jikoni. Rhoda alimfungia chakula cha mchana, akasimama barabarani mpaka basi likapotea, na siku hiyo hakufundisha mtu.

Alhamisi bado anakuja. Vibanio havitumii tena, anasoma vifo vyote. Na hakuna anayeinuka kabla ya kusimulia, isipokuwa sauti ikisikika nje. Hapo hukata neno katikati na kusema, "Nendeni mkaone." Mara nyingi ni mtu anamwita mbwa wake tu. Rhoda hupanda ngazi pamoja nao hata hivyo.