Jina Ambalo Sista Hakuligusa

Mtaa mzima ulimwita Sista, ingawa sare ya uuguzi aliivua miaka minne iliyopita, miguu ilipogoma kusimama zamu nzima. Miaka ishirini na miwili kando ya vitanda vya wagonjwa ilimwachia visigino vinavyowaka moto na ujuzi mmoja adimu: alijua kiatu kipi kitamsaliti mtu, na saa ngapi.

Ujuzi huo ndio uliompa kazi ya pili. Mezani karibu na dirisha, aliandika kwenye tovuti yake kuhusu viatu vya watu wanaoshinda wima: wauguzi, walimu, vinyozi. Kampuni moja ya viatu ilimpokea kuwa wakala wake wa mtandaoni. Msomaji akipitia kwake akanunua, yeye hupata kamisheni. Ili aonekane, alilipia matangazo yanayojitokeza mtu anapotafuta kitu mtandaoni.

Kampuni ilikuwa na sharti moja kali. Wakala asitumie jina lao, ambalo ni alama ya biashara iliyosajiliwa, kuvutia watu kwenye matangazo. Anayelitafuta jina hilo tayari ni mteja wao; wakala asimdake mlangoni.

Sista alilishika sharti hilo kama alivyozoea kushika maagizo ya daktari. Jina hakulinunua, hakuliandika kwenye tangazo, hakulitia popote katika akaunti yake ya matangazo.

Kwa hiyo Jumatatu asubuhi, barua pepe ilipomwambia kwamba tangazo lake limewatokea mara nyingi watu waliokuwa wakilitafuta jina la kampuni, na kwamba asipojieleza kufikia Jumatano ataondolewa, alijiona kama mtu aliyeitwa mwizi mbele ya wodi nzima.

"Kumbe wifi yangu jambazi!" alisema mdogo wa mumewe, mshonaji wa jirani aliyekuja kuazima pasi akaikuta barua hiyo wazi kwenye skrini. "Na miwani yote hiyo ya upole!"

"Leo usinitanie, wifi. Nikitolewa hapa sina pengine. Nani ataniajiri na miguu hii?"

Wifi aliiweka pasi chini. "Basi wapigie. Ukijibu kwa barua watakusoma kama walivyokwisha kukuhukumu."

Simu ilipokelewa na msimamizi wa mawakala, binti mwenye sauti ya mtu aliye na haraka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mimi ndiye mliyeniandikia kwamba nimevunja sharti. Jina lenu sijaligusa hata siku moja."

Vidole vilisikika vikigonga kompyuta. "Naona, mama. Na hilo ndilo tatizo."

"Tatizo kutoligusa?"

"Umelipia maneno 'viatu vya wauguzi'. Mtu akitafuta jina letu, mtandao unaona mambo yanakaribiana, unamwonyesha tangazo lako bila kukuuliza. Ndiyo maana kwenye akaunti yako kuna orodha ya maneno ya kuzuia: mtu akitafuta neno lililomo humo, tangazo lako halimtokei. Jina letu ulitakiwa uliandike humo. Imeelezwa kwenye masharti, ukurasa wa tatu."

Sista alifumba macho. "Niliusoma. Nikaogopa. Ukurasa wa kwanza unasema nisilitumie, wa tatu unaniambia niliandike. Nikaona bora nikae nalo mbali kabisa."

Binti alicheka, na haraka ikamtoka sautini. "Mama, laiti wote wangekuwa waoga kama wewe. Liandike sasa hivi, nitumie picha ya hiyo orodha. Nitawaeleza wakubwa kwamba ulikosea, hukuiba."

Aliliandika kwa kidole kimoja, taratibu, wifi akimchungulia begani kama anayesimamia mtihani.

Jumatano jibu likaja: anabaki. Wifi alipiga kigelegele hadi paka akakimbia. Lakini Ijumaa Sista alipofungua hesabu za wageni wa tovuti, walikuwa wamepungua kutoka tisini hadi thelathini na mmoja kwa siku. Ikamchoma. Miezi yote hiyo alidhani wanamfuata yeye, kumbe wengi walikuwa wakienda zao dukani, akawa yuko njiani tu.

"Thelathini na mmoja hao walitafuta nini?" wifi aliuliza.

Akafungua orodha ya maneno waliyotafuta. Visigino vinauma baada ya zamu. Kiatu kisichoteleza jikoni. Na mmoja: kiatu cha mtu ambaye mguu mmoja umevimba kuliko mwingine.

Kwenye tovuti yake hakuwa na ukurasa wa kumsaidia mtu huyo. Wagonjwa wa namna hiyo, aliwakumbuka wengi. Sista alivuta kiti, akainua miguu yake juu ya kigoda, akaanza kuandika.