Walikula Akika, Kisha Wakanyamaza

Mume wa dadangu alinyongwa asubuhi moja katika nchi yake, nasi tulipata habari kwenye redio, jikoni kwetu Kibokoni. Mama alikuwa akikuna nazi. Msomaji wa habari alilitaja jina la shemegi yangu vibaya, akamwita "gaidi wa mrengo wa kushoto", kisha akaingia kwenye bei ya mafuta. Mama aliendelea kukuna mpaka nyama ya nazi ikaisha, akawa anakuna kifuu kitupu. Ndipo nilipomshika mkono.

Shemegi alifika Mombasa akikimbia. Kwao alikuwa kiongozi wa chama cha wafanyakazi wa reli, na wenzake walikuwa wameanza kupotea mmoja mmoja. Alipanga chumba cha chini cha nyumba yetu, akawa anatengeneza mafriji ya watu wa maghorofa ya Ganjoni. Alijiita mjamaa, na neno hilo alilitamka kwa sauti yake ya kawaida, kama mtu anayesema yeye ni seremala. Siku alipokuja kumposa dadangu, Mama alimuuliza, "Na huo ujamaa wako, una Mungu ndani yake?"

"Una watu, mama," akajibu. "Mungu siwezi kumsemea."

Mama hakulipenda jibu, lakini alipenda kwamba hakuambiwa uongo.

Kosa lake, kama ni kosa, ni kwamba hakuweza kuona mtu akionewa akapita. Jirani yetu mmoja alikuwa akimenya kamba kwenye kiwanda cha samaki, yeye na wanawake wenzake, mikono imo ndani ya barafu kutwa nzima. Vidole vilimbabuka mpaka hawezi kufunga leso. Shemegi akawaketisha barazani kwetu, akawaambia wasiende kwa msimamizi mmoja mmoja, waende wote pamoja, na wasiondoke mpaka wajibiwe. Walipata glavu. Mapinduzi yake yote aliyoyafanya Mombasa ni hayo: glavu.

Alichukuliwa stendi ya mabasi ya Mwembe Tayari, mchana kweupe, alipokwenda kupokea mota ya friji iliyotumwa kwa basi. Muuza maji aliyemjua ndiye aliyekuja kutuambia: wanaume waliovaa vizuri walimshika mikono huku na huku, wakamwingiza garini, na ile mota ikabaki chini pale stendi. Dadangu na mimi tulizunguka vituo vyote vya polisi vya kisiwani. "Hatuna mtu kama huyo," tuliambiwa, na mmoja akamuuliza dadangu, huku akitabasamu, kama ana hakika mumewe hana mke mwingine bara.

Tulipomwona tena alikuwa kwenye simu. Video ilikuwa ya mahakama ya kijeshi ya kwao, naye amesimama kizimbani, amekonda, amevaa nguo za manjano. Hadi leo hatujaambiwa ni wa ofisi gani waliomkabidhi, ila walikuwa watu wa kwetu, wanaolipwa kwa kodi za dadangu na zangu. Walimrudisha kwao kama mzigo uliokosea njia.

Shtaka lilikuwa uhaini. Walisema siku fulani alionekana mpakani akiwafundisha waasi kutumia bunduki. Dadangu alipoisikia ile siku aliruka. "Siku hiyo ni akika ya mwanangu!" alipiga kelele. "Alikuwa hapa! Alikuwa hapa!"

Na alikuwa hapa. Alimnyoa mtoto nywele kwa mkono wake, akashinda uani na wapishi macho mekundu kwa moshi, akaandaa masinia ya biriani kwa mtaa mzima. Mtaa mzima ulikula.

Tukaenda kwa wakili. Akasema, "Nileteeni watu waliomwona, waje hapa waape mbele yangu. Walikuwapo wengi?"

"Wengi," dadangu akajibu, na kwa mara ya kwanza tangu mumewe achukuliwe akacheka.

Tulianza na mwenye duka la vitambaa, nyumba inayotazamana na yetu. Alitukaribisha vizuri, akaagiza kahawa, akatusikiliza. Kisha akasema, "Unajua, bibi, siku zenyewe mimi sizikumbuki sawasawa."

"Ulikaa karibu na mlango," dadangu akamwambia. "Ulimpongeza. Ulimkumbatia."

"Bibi, mimi nina watoto. Watu wale wakirudi?"

Hofu naielewa. Mimi mwenyewe, kila gari likipunguza mwendo nyuma yangu, mgongo huniganda. Lakini hakuishia kwenye hofu. Alimwaga mashapo ya kahawa yake, akasema, "Na yeye naye, siasa zile zilikuwa za nini? Si angekaa tu akatengeneza mafriji yake?"

Tulikwenda nyumba baada ya nyumba. Huyu alikuwa safarini, yule anaumwa. Mwingine alituma mtoto mlangoni aseme baba amelala, na sauti ya baba tunaisikia ndani. Mmoja akatuambia tusome dua, kana kwamba dua hatuijui. Wote walikula kwetu!

Aliyekuja kwa wakili ni yule mmenya kamba. Alikuja na wenzake wawili, wangali wananuka kiwanda, wakaapa, wakaeleza mpaka rangi ya shati alilovaa shemegi siku ile. Wakili akapeleka ushahidi wao kule. Mwenyekiti wa mahakama, mwenye magwanda, akasema mahakama yake haiwatambui mashahidi walio nchi za nje. Shemegi akaomba kusema. "Siku hiyo nilikuwa namnyoa mwanangu," alisema. Akaambiwa ajibu ndiyo au siyo, basi. Wiki hiyohiyo wakamhukumu.

Baada ya ile habari ya redio, majirani walikuja matanga. Mwenye duka la vitambaa alikuja na kanzu iliyopigwa pasi, akanikuta mlangoni. "Mola amrehemu," akasema. "Alikuwa mtu mwema sana."

"Ungemwambia wakili hayo."

"Mwanangu, hukumu ilishapangwa. Neno langu lingefaa nini?"

"Lingemfaa dadangu!" Nilimpigia kelele mzee wa umri wa babangu, mbele ya watu, mimi niliyelelewa kutompita mtu mzima bila kumwamkia. "Angejua hakuwa peke yake!"

Mama akaita kutoka ndani, "Mwache apite. Matanga hayafungiwi mtu." Nikampisha. Nilikwenda uani nikakaa juu ya ndoo. Mama alimpa mkono na kumshukuru kwa kuja. Siku hiyo nilimkasirikia hata yeye.

Maiti hatukupewa. Baada ya simu nyingi, ofisa mmoja wa kule alimwambia dadangu kwamba marehemu ameshazikwa na mahali hapasemwi. Dadangu alikuwa bado ndani ya eda, amejifunga nguo nyeupe, simu ameishika kwa mikono miwili. Akauliza, "Mlimwelekeza kibla?" Simu ikakatwa.

Eda ilipokwisha hakutaka kupelekwa kwa jamaa wala kupumzika. Siku ya kwanza kutoka nje alivaa buibui lake, akaniambia nichukue mtoto, tukaenda moja kwa moja kwa wakili. Anawashtaki waliomchukua mumewe pale stendi. Kesi imeahirishwa, ikaahirishwa tena. Upande wa pili unasema hakuna mtu wa jina hilo aliyewahi kushikwa Mombasa. Wakili amesema itahitaji mashahidi. Muuza maji amekubali kusimama. Dadangu amekwisha kuanza upya kubisha milango, na safari hii haombi. Anawauliza mbele ya wake zao na watoto wao kama mumewe aliishi hapa au hakuishi, kisha anasimama pale pale akingoja jibu.