Njia Tatu za Kwenda Chicago

Siku moja naikumbuka kuliko hata siku niliyoolewa, mwanangu, na ukiitazama utasema haikuwa na kitu. Ilikuwa Jumatano ya Februari, katikati ya miaka ya themanini. Nilikuwa jikoni kwangu Norsborg, pembeni mwa Stockholm, theluji imejaa kwenye ukingo wa dirisha, nami nimeinamia karatasi ya miraba nikipiga mistari kwa rula. Safu ya kwanza nimeandika ndege. Ya pili treni. Ya tatu basi. Nilikuwa na miaka thelathini na moja na nilijiona mtu makini sana.

Weka simu chini kwanza, Neema. Wewe unaniita mormor, kwa Kiswidi, nami naitika kwa sababu wewe ni mtoto wa binti yangu na huna bibi mwingine huku. Lakini leo nitakusemesha kwa Kiswahili mpaka mwisho, na pale usiponielewa uulize. Nimekuona tangu Jumapili na hiyo simu, mara treni ya Malmö, mara basi la Malmö, mara gari la kuchangia na watu usiowajua. Nimenyamaza. Sasa nisikilize.

Kaka yangu Mwadime ndiye aliyenilea. Baba alipofariki mimi nilikuwa na miaka sita, yeye kumi na tisa. Aliacha masomo akaenda kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge, na kwa mikono ile ile iliyochanwa na mkonge akanivalisha na kunisomesha. Nilipochumbiwa na babu yako, ambaye alikuwa amepata nafasi ya kusoma Stockholm, kaka alinisihi nimalize chuo cha ualimu kwanza. Ulikuwa umebaki mwaka mmoja tu. Nikakataa. Siku ya kuondoka, mbele ya shangazi zetu wote, nilimwambia, "Wewe si baba yangu." Hakunipiga wala hakunitukana. Alisema, "Haya," akaingia ndani. Ulimi hauna mfupa, mwanangu, lakini ule wangu siku ile ulivunja mfupa.

Kwetu Taita neno kama hilo halifutwi kwa barua. Mkubwa ukimkasirisha, hasira inakaa moyoni mwake hata kama yeye mwenyewe anataka itoke, na inaweza kukudhuru bila yeye kukuombea mabaya. Inatoka akitasa. Anachukua funda la maji kinywani, anayapuliza nje kama manyunyu, kisha anasema wazi, mbele yako, kwamba hasira imetoka, uende salama na watoto wako wawe salama. Sisi tulikuwa watu wa kanisa, na mchungaji alitufundisha kwamba hayo ni ya kale. Sawa. Lakini mambo yalipowafika shingoni niliwaona hata wazee wa kanisa wakitafuta kikombe cha maji. Na kutasa hakufanywi kwa simu. Maji hayapiti kwenye waya.

Miaka tisa ikapita. Kaka naye alikwenda Amerika, akapata kazi Chicago, akaoa huko msichana wa kwetu, wifi yangu Mghoi. Mimi nilimzaa mama yako, na mama yako alikuwa na kifua kibovu, kila majira ya baridi tunashinda hospitali. Daktari alisema ni pumu. Nilimsikiliza daktari na dawa nilimpa mtoto bila kukosa. Ila moyoni nilikuwa na jibu langu mwenyewe, na jibu hilo sikumwambia mtu.

Ndipo Mghoi akapiga simu. Alisema kaka ana ugonjwa wa ini na madaktari hawataji miezi, wanataja wiki. "Anakuita, wifi," akaniambia. "Amesema uje atase."

Unaelewa nilichopewa pale? Mtu niliyemkosea ndiye aliyenyoosha mkono kwanza. Babu yako alihangaika siku mbili akanipatia tiketi ya New York, ya siku yoyote nitakayoitaka mwenyewe. Viza nilikuwa nayo. Kilichobaki ni kipande cha kutoka New York hadi Chicago. Hicho tu.

Basi nikaanza kulinganisha. Nilikwenda maktaba nikaomba vitabu vya ratiba, nikaomba na ramani. Ndege ni saa mbili na kitu, lakini niliambiwa huenda nikashukia uwanja mmoja na kupandia mwingine, mji wenyewe ule mkubwa, na theluji ikianguka hakuna kinachoruka. Treni inalala njiani mara moja na kukushusha mjini katikati, lakini ni moja kwa siku, na ikichelewa inachelewa kweli. Basi linaondoka mara nyingi, likikuacha unangoja jingine, ila unakaa kitako mchana na usiku, miguu inavimba. Yote hayo nikayaandika.

Jumapili baada ya ibada nikawauliza watu. Penye wengi pana mengi. Bwana mmoja kutoka Zaire, mtanashati, alisema ndege, maana mtu anayekwenda kumwona mgonjwa hafiki amechakaa. Mkenya mwenzangu aliyewahi kusoma Amerika aliisifia treni mpaka nikadhani yeye ndiye dereva wake. Dada mmoja wa Kitanzania akasema basi, kwa sababu kwenye basi utapata mtu wa kuongea naye. Nikaongeza safu ya maoni kwenye karatasi yangu. Babu yako, ambaye unamjua hakuwa mtu wa maneno mengi, aliniambia, "Wakesho, chagua yoyote." Nikamjibu, "Kawia ufike." Nilijisikia nimesema jambo la busara kabisa.

Wiki ya kwanza ikaisha, ya pili ikaingia. Kila nilipokaribia kuamua, swali jipya lilijitokeza, nami nililikaribisha kama mgeni. Hapo ndipo tulipofikia Jumatano ile ya rula.

Mlango ukagongwa. Alikuwa Mzee Lubega, jirani yetu wa chini, amekuja kurudisha sufuria. Alikuwa Mganda, mkimbizi. Kwao alikuwa mwalimu mkuu wa shule, huku alikuwa anasafisha mabehewa ya treni za chini ya ardhi, na sikuwahi kumsikia akilalamika juu ya lolote kati ya hayo mawili. Nikamkaribisha chai. Akavaa miwani, akaivuta karatasi yangu, akaisoma yote kama anasahihisha mtihani.

"Hii kazi nzuri," akasema. "Mistari imenyooka. Mgonjwa wako anasema nini?"

Nikamwambia nimempigia simu mara moja tu tangu niitwe, na niliongea na Mghoi.

"Wiki mbili?"

"Mzee, kawia ufike."

Akavua miwani. "Binti, hilo neno anaambiwa mtu aliye njiani. Wewe uko jikoni." Akaiweka miwani juu ya karatasi yangu. "Mama yangu alikufa mwaka juzi. Mimi nilikuwa hapo chini, nafua nguo. Sina njia ya kurudi kwetu, wala ndege, wala gari, wala miguu, ningekamatwa mpakani. Ningepewa njia moja mbovu ya kutambaa, ningetambaa. Wewe Mungu amekupa tatu, unazipanga kama vyombo kabatini."

Nikaanza kumweleza habari za viwanja viwili vya ndege.

"Si uwanja unaoogopa," akasema. "Unamwogopa kaka yako."

Nililia, mwanangu. Nililia mpaka chai ikapoa, kwa sababu ilikuwa kweli na sikuwa nimejiambia. Niliogopa atakavyonitazama. Niliogopa kwamba atainua kikombe, halafu akumbuke lile neno, akiweke chini. Mtu anayesoma ratiba anaonekana yuko safarini, hata yeye mwenyewe anajiona yuko safarini, na hakuna anayemsuta. Nilikuwa nimejificha nyuma ya rula. Mzee Lubega hakunibembeleza. Aliinuka, akasema, "Chukua inayofika kwanza," akashuka ngazi.

Ijumaa niliondoka. New York nilibadilisha ndege, na viwanja viwili vyote nilivyovihofia wiki mbili havikuwa lolote, nilipanda ndege ya pili palepale niliposhukia. Jioni hiyo hiyo nilikuwa hospitali Chicago, wakati wa kutazama wagonjwa haujaisha.

Mghoi alinipokea kwenye ujia. Alinikumbatia, akanishika mabega, akasema polepole, "Wifi, alikuwa anaongea mpaka Jumatano."

Jumatano.

"Asubuhi aliniuliza, 'Wakesho anakuja na nini?' Nikamwambia bado unaangalia. Akacheka. Akasema, 'Huyo mtoto alikuwa akichagua kiatu mpaka kengele ya shule inalia.' Kisha akalala. Alipoamka sauti haikuwepo tena."

Niliingia. Yule mtu mrefu alikuwa amebaki mifupa na macho ya njano, lakini macho yalinijua. Hayakuwa na ubaya wowote, Neema. Nilichokiogopa wiki mbili hakikuwemo mle chumbani. Akatazama meza iliyokuwa kando ya kitanda, akanitazama, akaitazama tena, na Mghoi akaelewa kabla yangu. Akamimina maji kwenye kikombe, akamwinua kichwa. Kaka akapokea funda. Akajaribu kupuliza. Midomo haikumtii, na maji yakamtoka pembeni, yakateremka kidevuni, nami nikayakinga kwa kiganja yasifike kwenye mto. Akajaribu kusema. Nikaona koo lake likipanda na kushuka. Halikutoka neno.

Yale maji nilijipaka usoni. Kaka yangu alifariki Jumapili.

Mghoi husema alitasa. Babu yako alisema alitasa, na mchungaji, nilipomweleza hatimaye, alisema Mungu haangalii midomo. Mzee Lubega nilipomsimulia alinishika mkono tu. Mimi sijui. Kifua cha mama yako kilitulia alipofika miaka tisa, na daktari alikuwa amesema kingetulia. Lakini kuna maneno yaliyokuwa yangu, yenye jina langu ndani yake. Kuanzia siku ile Mghoi aliponiita mpaka Jumatano asubuhi yalikuwepo, yananingoja, na mimi nilikuwa nauliza watu kuhusu miguu kuvimba. Majuto ni mjukuu, wanasema, na mjukuu wangu ndiye huyu amekaa mbele yangu na simu.

Kwa hiyo nasaha yangu ni fupi. Kulinganisha si kosa. Mtu anayekwenda sokoni hulinganisha, na mpumbavu tu hupanda gari bila kuuliza linakwenda wapi. Lakini mchagua jembe si mkulima. Ukiona umelinganisha siku ya kwanza, ya pili, na ya tatu bado maswali yanazaliwa, acha kuuliza habari za gari, jiulize unamwogopa nani. Na kama aliye upande wa pili amekuita mwenyewe, basi lililo gumu limeshafanywa, na halikufanywa na wewe. Usimwache anakutazamia mlangoni huku wewe unatafuta kiti cha dirishani.

Baba yako yuko hospitali Malmö. Najua alivyoondoka humu nyumbani, nilikuwepo, na najua wewe ulimwambia nini siku ile kwenye ngazi, kwa sababu kuta za nyumba hii ni nyembamba. Amekupigia mwenyewe, amekuita. Wewe unasema treni ya asubuhi ina watu wengi.

Niletee hiyo glasi ya maji. Ndiyo, hiyo. Simama hapa mbele yangu, usicheke, na ukicheka pia haidhuru. Nisikufiche, tangu Jumapili nina hasira nawe, na si vizuri usafiri nayo.

Haya, nimepuliza. Futa uso ukitaka, mimi ningeyaacha yakauke yenyewe. Hasira yangu imetoka, isikuguse. Njia yako iwe nyeupe, miguu yako iwe myepesi, utakaowazaa wasikohoe kwa ajili ya maneno yako. Nenda kesho na inayofika kwanza, mwanangu, na Mungu akujalie nilichokikosa mimi: umkute anaongea.