Mpira wa Maji na Rafu za Baba

Hadi leo nikinusa maji yaliyolala ndani ya mpira wa plastiki, nakumbuka duka la baba pale Kariakoo. Maji hayo niliyafyonza mwenyewe, nikatema, nikafyonza tena, mpaka mapovu yote yakatoka.

Ilikuwa miaka ile ya foleni, sukari imeadimika, na kila mwenye duka akitazamwa kwa jicho la pembeni kwamba anaficha bidhaa. Mtaa wa pili mwenye duka mmoja alikuwa amekutwa na sabuni chini ya kitanda, akachukuliwa na polisi. Basi baba naye, Mchaga wa watu, Mangi kama mtaa ulivyomwita, akafunga mlango mchana kweupe na kuanza kugonga misumari. Ndani tulikuwa na mbao ndefu, ndoo ya maji na mpira mwembamba wa kupimia usawa wa rafu, aliouazima kwa fundi wa Ilala, maana pima maji ya dukani ilikuwa ndoto. Ungekuwa wewe jirani yetu, ungefikiri nini?

Mama Zuhura wa chumba cha pili alifikiri mafuta ya taa. Mpira ni wa kunyonyea kwenye pipa, mbao ni za kujengea maficho! Akampelekea maneno balozi wetu wa nyumba kumi, Mzee Kondo. Hata mimi roho haikutulia. Rafu ndefu za nini, na hatuna cha kupanga? Niliogopa kwamba baba naye atachukuliwa.

Mzee Kondo aliingia kwa mlango wa uani bila hodi.

"Shikamoo, mzee," nikasema.

"Marahaba. Mangi, pipa liko wapi?"

"Pipa gani, mzee wangu? Hebu nishikie hapa kwanza."

Balozi akajikuta ameshika ncha ya mpira. Akainusa. Baba akaenda na ncha nyingine hadi mwisho wa ukuta, wakasubiri maji yatulie pande zote mbili, kisha kila mmoja akaweka alama ya mkaa yalipoishia.

"Maji hayana ujomba, mzee," baba akasema.

Macho ya Mzee Kondo yalikuwa yakitafuta pipa kila kona. Lakini tulipofika rafu ya mwisho alishakuwa anamfokea baba: "Shusha! Kidogo tu! Hapo hapo!" Kisha akakumbuka kilichomleta.

"Na stoo yako iko wapi?"

"Ndiyo hiyo umeiegemea."

Baba alikuwa amebomoa ukuta wa mbao wa stoo, akautundika kuwa rafu. Nyuma palibaki sakafu tupu. Mzee Kondo aliitazama, akaenda kufungua mlango wa duka yeye mwenyewe.

Baba akapanga chumvi, viberiti na miche michache ya sabuni, kimoja mbali na kingine, vyote vikionekana tangu barabarani. Nilidhani anangojea bidhaa zije. Nimekuja kuelewa ukubwani kwamba baba aliogopa kuliko mimi, na rafu zile alizitundika ili watu waone hana kitu. Kila asubuhi alizifuta vumbi, na zile nafasi tupu alizifuta kwa makini zaidi.