Nilipiga Meza, Mimba ya Mwalimu Ikapotea Karatasini

Nilikosa, tena kosa la kijinga. Nilimwambia mwanamke hana mimba kwa sababu ya mpira wa redioni!

Miaka ya sabini nilikuwa msaidizi wa maabara katika kliniki moja mjini Nakuru. Kipimo cha mimba cha siku hizo kilitaka subira. Unatia mkojo kwenye kichupa pamoja na dawa na chembe za damu ya kondoo, halafu hukigusi kwa saa mbili. Ikitokea pete nyekundu chini, mama ana mimba. Lakini meza ikitikisika pete haifungi, hata kama amebeba mapacha!

Jumamosi moja akaja Mwalimu Rodah na chupa yake. Alikuwa na miaka sita katika ndoa, bila mtoto. Mama mkwe alikuwa ameapa kwamba kipimo kikisema hana mimba, kesho yake atampeleka mwanawe akaone msichana mwingine wa kuoa.

"Daktari, nisaidie," akaniambia. Mimi, daktari! Kichwa kikavimba.

Nikapanga vichupa. Redio nikaiweka meza ile ile kwa kuwa waya wake ulikuwa mfupi. Dakika za mwisho timu yangu ikafunga, nami nikaitwanga meza kwa ngumi zote mbili. Jamani, raha ile!

Saa mbili zilipotimia hapakuwa na pete, ila utandu mwekundu tu. Nilijua inafaa kurudia, na mkojo ulikuwa umebaki. Lakini wenzangu walikuwa wananingoja tukasherehekee. Nikaandika: Hakuna mimba.

Mwalimu akasoma, akaikunja karatasi mara nne, akaniambia asante. Asante! Neno hilo lilinichoma usiku kucha.

Jumapili alfajiri nikafungua maabara, nikatoa chupa yake kwenye friji, nikapima upya. Redio niliifungia kabatini. Pete ikajichora wazi kabisa!

Nikadandia basi hadi kwao karibu na Kariandusi, ambako mumewe alichimba udongo mweupe mgodini. Nikawakuta wamevaa nguo za kutokea, mama mkwe kitambaa kichwani, kreti ya soda ya kupeleka kwa kina msichana iko mlangoni, tayari kwa safari.

"Mwalimu ana mimba," nikasema huku nahema. "Jana nilipiga meza timu yetu ilipofunga, nikaharibu kipimo, nikaandika uongo."

Mama mkwe akanitazama kuanzia viatu mpaka nywele.

"Na mkashinda?"

"Tulishinda, mama."

"Basi fungueni hizo soda. Hatuendi mahali."

Mume akacheka mpaka akakaa chini. Mwalimu hakucheka. "Yaani mimi nimelia hivyo juu ya mpira?"

Daktari mwenyewe wa kliniki aliposikia, alinitoa kwenye vipimo, nikaosha chupa miezi mitatu. Nilistahili.

Nyinyi mnaowapima watu, nawasihi: ukiharibu, sema, urudie. Ile karatasi ndogo kuna mtu anaenda kulala nayo.

Mwalimu alirudi baada ya miaka miwili, mtoto wa kiume mgongoni, chupa nyingine mkononi. Nikamwambia aende sokoni, arudi baadaye. Alikataa! Alivuta kiti mbele ya vichupa, akatoa sweta aliyokuwa anafuma, akakaa saa mbili nzima akinilinda. Nilipopiga chafya mara moja tu, alininyooshea sindano ya kufumia.

"Wewe," akasema, "toka nje."

Nikatoka.