Pedali ya Muzee Théogène

Gari ya muzee Théogène wa Munigi ilikuwa imezeeka hivi kwamba ng'ombe wa Masisi wakikutana nayo njiani walipisha, wakidhani ni babu yao. Anayebisha aende awaulize ng'ombe. Miaka ishirini na mitano aliibebesha makabichi na watu hadi Goma, na hakuna jiwe la volkano barabarani ambalo hakulijua kwa jina.

Kisha mke wake Uwimbabazi akafa, na muzee akafa ganzi. Hakulia. Alikula maharagwe bila kujua kama yana chumvi. Ganzi ile ikashuka, ikashuka, ikaja kukaa katika mguu wa kushoto, ule wa kukanyaga pedali ya ambrayaji, yaani klachi, wakati wa kubadilisha vitesi.

Ndipo gari nayo ikaanza vituko. Leo pedali inakaza vizuri. Kesho inazama hadi chini, vitesi inakataa kuingia, gari inalia kama mbuzi wa arusi. Inapona wiki nzima, kisha inarudia. Garaji mbili waliichunguza, wote wakasema haina kitu.

Binti yake Nishimwe, mwenye permi ya kuendesha gari iliyolala mfukoni mwaka mzima, alisema gari ni nzima, ni mguu wa papa usiokanyaga hadi mwisho. Wakapatana waende garaji ya tatu, kwa Magloire. Naye akikosa kuona ugonjwa, funguo ni za Nishimwe. Muzee alikubali kama mtu anavyokubali mvua. Lakini kiti kile cha dereva ndicho kitu cha mwisho alichokuwa amebaki nacho.

Magloire alitazama chini ya gari: hakuna tone. Chombo cha mafuta ya pedali: kimejaa. Akakanyaga pedali: ngumu kama mlango wa padri. Alikuwa karibu kusema neno la wenzake, ila akamwomba kwanza muzee aiwashe kama anavyofanya nyumbani. Muzee akaketi, akapiga pedali mara saba haraka haraka, ndipo akatia ufunguo.

“Muzee, hiyo ni nini?”

“Naiamkia. Huwezi kupeleka muzee kwa munganga bila kumusalimia.”

Kumbe kwenye mlango wa kila garaji aliisalimia hivyo, isipate haya mbele ya watu. Magloire alicheka hadi akaketi juu ya tairi. Akaeleza kwamba salamu ndizo zilizoficha ugonjwa, maana pompe mbovu ya pedali ikipigwa haraka hukaza kwa muda. Gari ilikuwa na adabu tu, inajibu salamu. Akasema ibaki pale hadi kesho, mtu asiiguse.

Asubuhi akamwambia muzee akanyage mara moja, pole pole, ashikilie. Muzee akakanyaga. Alipoulizwa anasikia nini, alisema hasikii kitu. Nishimwe akatazama chini.

“Basi tumia mukono,” Magloire akasema.

Muzee akapiga magoti kando ya kiti kama anayekwenda kuungama, akaweka kiganja juu ya pedali. Ilikaza kidogo. Kisha ikaanza kumtoroka chini ya mkono, ikienda, ikienda, bila haraka. Uwimbabazi alimwachia mkono hivyo hivyo. Muzee aliifuata kwa kiganja hadi chini.

“Inashuka,” akasema.

Pompe ilipofunguliwa, mpira wake wa ndani ulikuwa umekwisha, na mafuta yalipita kando yake humo humo ndani bila kumwagika. Magloire akatia mpira mpya, akatoa hewa, na pedali ikasimama bila kuamkiwa. Akatangaza kwamba gari ndiyo iliyokuwa mgonjwa, kwa hiyo funguo ni za muzee. Nishimwe akamfungulia papa mlango wa dereva.

Muzee akapanda, akakanyaga. Akangoja. Akakanyaga tena. Kisha akashuka, akaziweka funguo katika kiganja cha binti yake.

“Gari imepona,” akasema. “Muguu, bado.”

Wakashuka kuelekea Goma, Nishimwe kwenye usukani. Muzee alikaa kando yake. Lakini kila vitesi ilipobadilishwa, mguu wake wa kushoto ulikanyaga sakafu, mara moja tu, naye hakusikia.