Ng'ombe Niliyempeleka Korongoni

Ng'ombe wangu mwekundu alikufa Jumapili, watu wakiwa bado kanisani. Alikuwa ameteleza akaangukia kwenye mfereji uliochimbwa na mvua nyuma ya shamba la mbaazi, akaumia nyonga, na tangu hapo hakusimama tena vizuri. Kila asubuhi nilimchoma sindano ya kutuliza maumivu, dawa niliyoinunua dukani Karatu mjini. Muuzaji alinionyesha kipimo. Mimi nilizidisha kidogo, maana yule mnyama alikuwa akinitazama.

Huku kwetu Buger, ng'ombe aliyekufa kwa ajali analiwa. Majirani walikwisha kusogea na visu na ndoo, mke wangu akawazuia uani.

"Nyama hii ina dawa," alisema. "Sindano juu ya sindano. Hailiwi."

Jirani yetu mwenye maksai akacheka. "Mama, si ndiyo vizuri? Mgongo unaniuma tangu palizi. Nikila paja moja nitapona."

"Kaponee kwako!"

Watu walicheka, wakaondoka na ndoo zao tupu. Kumchimbia shimo ilikuwa kazi, kiangazi kile ardhi ilikuwa ngumu kama sakafu. Basi tukafanya kama walivyofanya baba zetu: tukamfunga mnyororo, maksai wakamburuta hadi ukingoni mwa korongo, mahali penye uwazi juu ya mto. Jirani alitazama mwamba wa ng'ambo, wenye michirizi myeupe ya kinyesi cha ndege, akanipiga begani.

"Mzee, watoto wako kesho wana harusi."

Watoto wangu, kwa utani wake, ni tumbusi wanaotaga kwenye mwamba ule. Nilipomaliza sekondari na kurudi kulima, walikuwa wengi mpaka mwamba ulionekana kama umepakwa chokaa. Sasa vimebaki viota vichache, na mwaka huu niliona kinda kwenye kimoja tu. Wataalamu wa ndege walipofika ofisi ya kata waliomba mtu wa kuwaangalia tumbusi hao, na kwa kuwa shamba langu linaishia ukingoni, nikachaguliwa mimi. Wakaniachia darubini. Kwa hiyo siku ile, nikiuacha mzoga pale, nilijiona mtu mwema. Nilikuwa nimewalisha.

Jioni mke wangu aliuliza kutoka jikoni, "Mbwa umemfunga? Asije akaenda kuila ile nyama."

Nilikuwa nimeshika kamba ya mbwa. Nyama tumewakataza watu, tumemkataza mbwa, na tumbusi nimewapelekea mwenyewe.

Ndipo yakanirudia maneno ya mama mmoja kati ya wale wataalamu wa ndege, walipotuitia mkutano pale kata. Alisema dawa ya maumivu inayomsaidia ng'ombe huua figo za tumbusi, na mzoga wa ng'ombe aliyechomwa dawa hiyo ufukiwe. Siwezi kusema sikusikia. Nilikaa mstari wa mbele. Mimi ndiye niliyewatafsiria wazee kwa Kiiraqw.

Alfajiri nilimwamsha jirani, tukaenda na sururu na koleo. Nilijua tumbusi hawapendi kuruka kabla hewa haijapata joto, na njia nzima nililitazama jua kama mtu anayemtazama mdai wake.

"Lakini mzee, jana tunamtupa, leo tunamzika. Ng'ombe huyu ni mjomba wako?"

Nikamweleza. Akaongeza mwendo.

Fisi walikuwa wametangulia, wamepasua tumbo. Nikawaza, wamewafungulia ndege mlango. Sururu ilipiga ardhi ikarudi juu. Kuchoma moto hatukuthubutu, majani yalikuwa makavu na msitu uko karibu. Tukaanza kukusanya mawe na matawi ya miiba. Hapo ndipo ndani ya mbavu kitu kilitikisika, na shingo ndefu ikatoka, nyekundu kwa damu. Tumbusi mmoja hakungoja joto, kutoka mwambani hadi hapa ni kuteleza tu hewani. Alitutazama, akakimbia kwa kuyumba, mzito kwa shibe, akajitupa korongoni. Nilimfuata kwa macho mpaka akatua. Alitua kwenye kiota chenye kinda.

"Labda amedonoa kidogo tu," jirani alisema.

Tulirundika mawe mpaka viganja vikachubuka, na ndege wengine walipoanza kuzunguka juu yetu, jirani alikuwa akiwarushia madongoa na kuwatukana kwa lugha zote anazozijua. Hakuna mwingine aliyetua.

Nilirudi ukingoni jioni ile, na kesho yake, na kesho kutwa. Yule ndege alikaa kando ya kiota, shingo ikiinama kidogo kidogo kama mzee anayesinzia ibadani. Alishtuka, akaiinua. Ikainama tena. Kinda alimdonoa mdomoni akiomba chakula, naye hakutoa kitu. Asubuhi iliyofuata hakuwepo. Darubini ilinionyesha amelala chini ya mwamba, mabawa yametanda juu ya vichaka vya minyaa.

Nilimpigia simu yule mama mtaalamu, nikamwambia yote, hata kile kipimo nilichozidisha. Nilitaka anifokee. Aliuliza tu kama mzoga umefunikwa vizuri, halafu akasema kwamba mzazi mmoja anaweza kumkuza kinda, ila ni shida, kwa sababu akienda kutafuta chakula kinda hubaki peke yake.

Tangu hapo nimepita nyumba hadi nyumba hapa kijijini, nikiuliza ni nani amechoma sindano na mzoga uko wapi. Wengine hunikaribisha chai. Mmoja aliniambia, "Mzee, wewe si ndiye ulituletea habari hizi? Mbona ulianza kwako?" Nikamjibu kwamba ndiyo, nilianza kwangu.

Lakini tumbusi mzazi aliyebaki hatafuti chakula Buger tu. Hewa ikipata moto huondoka kuelekea Ngorongoro, siku nyingine huvuka hadi upande wa Loliondo, ambako kuna ng'ombe wengi na mimi simjui hata mchungaji mmoja. Sindano yangu naijua. Za kule sizijui.

Jana alirudi jua likizama, kinda akapiga kelele mpaka nikazisikia ng'ambo. Leo nimekaa ukingoni tangu mchana. Mke wangu ameita mara mbili nikale. Kinda amesimama ukingoni mwa kiota, ametazama kule kule ninakotazama mimi.